Simu Iliyojua Zamu Yake

Hotuba hii niliitoa mbele ya washereheshaji, walimu na wasemaji wengine wa hadhara. Wenzetu ambao hawakuweza kufika wameomba kuipata yote, basi nimeiandika kama ilivyosemwa, pamoja na mahali ilipokatizwa.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, wenzangu wa kipaza sauti, hamjambo?

Kabla sijaingia ndani nina ombi moja. Mlipokuwa mnaingia mmeambiwa pale mlangoni mzime simu zenu au mziweke kimya. Tangazo hilo sisi wenyewe tumelisoma mara ngapi? Mimi nimelisoma kwa zaidi ya miaka ishirini: harusini, kwenye mahafali, misibani, kwenye mikutano ya hesabu za mwaka. Leo nawaomba mfanye kinyume chake. Ziwasheni. Zipandisheni sauti. Nimemwomba mwenyekiti ruhusa. Amenitazama kwa muda mrefu, kisha amekubali.

Nataka tuzungumze juu ya simu inayoita wakati wake. Sisemi simu inayoita ovyo. Hizo tunazijua na zimetuchosha. Nasema ile moja ambayo mtu ameuliza swali, na kabla binadamu hajafungua mdomo, simu imejibu. Ile inayoita mahali ambapo mtunzi wa mchezo wa kuigiza, kama angepewa nafasi, angeiweka hapo hapo. Ukumbi mzima unaangua kicheko, na kicheko chenyewe hakimchomi mtu. Mmewahi kukisikia? Mimi nimekisikia mara chache, na kila mara nimerudi nyumbani nikiwa mwepesi kuliko nilivyotoka.

Nianze na kisa nilichokiona kwa macho yangu.

Ilikuwa harusi. Nilikuwa nimesimama pembeni na kipaza sauti changu, nikisubiri sehemu yangu. Mfungishaji ndoa akafika pale tunapopajua sote: kama kuna mtu mwenye pingamizi juu ya ndoa hii, aseme sasa, au anyamaze milele. Mnakijua kimya kinachofuata? Watu hawapumui. Macho yanatazama mbele, masikio yako mlangoni. Sekunde ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Simu ikaita.

Iliita wapi? Ndani ya koti la bwana harusi.

Mtu alitetemeka mikono mpaka akashindwa kuitoa. Alipoitoa akatazama kioo, akasita, akamgeuzia bi harusi naye aone. Aliyekuwa anapiga ni bi harusi. Jina lake na picha yake, pale pale, anapiga simu huku amesimama mbele yake mikono mitupu. Kumbe simu yake ilikuwa kwenye mkoba aliokuwa ameushika msimamizi wake, na msimamizi kwa kuukumbatia mkoba kwa wasiwasi alikuwa ameibonyeza.

Mfungishaji ndoa, mzee mtulivu kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi, akamgeukia binti akamuuliza polepole: "Mwanangu, una pingamizi?"

Bi harusi akasema, "Hapana, baba. Nilitaka kuona kama atapokea."

Ndugu zangu, ule ukumbi ulicheka kwa dakika nzima. Walicheka wazee, walicheka watoto ambao hawakuelewa, na bwana harusi aliyekuwa anatetemeka tangu asubuhi akaacha kutetemeka. Mimi nilikuwa nimeandika utani wangu wa kuchangamsha watu, karatasi nzima. Niliikunja nikaiweka mfukoni. Sikuihitaji tena.

Sasa nawauliza: kwa nini tulicheka? Fikirini kama pale nyuma angesimama mtu mzima akapaza sauti, hata kwa utani. Pangekuwa na vilio, pangekuwa na ugomvi wa koo mbili. Simu imefanya jambo lile lile, katika nafasi ile ile, na imeleta furaha. Kwa nini?

Kwa sababu simu haina nia. Hapo ndipo siri yote ilipo. Mwanafalsafa Mfaransa Henri Bergson aliandika mwaka 1900 kwamba kicheko huzuka pale kitu cha kimashine kinapojibandika juu ya kitu hai. Mimi nimesoma maneno hayo na kuona harusi ile. Kile ni chombo, hakimjui bwana wala bibi, hakijui ndoa ni nini, na bado kimesema neno lililokuwa kwenye ulimi wa kila mtu. Limesemwa na asiyeweza kulaumiwa. Hofu yote iliyokuwa imejikusanya chumbani ikapata mlango wa kutokea.

Na tazameni lugha yetu inavyoitendea simu. Tunasema simu inaita. Hatusemi inapiga kengele, tunasema inaita, kama mtu anavyomwita mtu. Na ikishaita, tunaipokea. Nani mwingine anapokewa? Mgeni. Tunampokea mgeni, tunampokea mzigo, tunapokea simu. Neno lenyewe limetoka kwa Waajemi, ambako sim ni waya. Siku hizi waya haupo, lakini mwito umebaki, na adabu ya kupokea imebaki. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili anaposikia mlio katikati ya hotuba, ndani ya masikio yake umeshaingia kama sauti ya mtu. Nusu ya kicheko imekwishaandaliwa na lugha.

Hata mwanzo wake ulikuwa hivyo. Alexander Graham Bell alipozungumza na msaidizi wake Thomas Watson kwa simu kwa mara ya kwanza, tarehe 10 Machi 1876 mjini Boston, chombo hakikuwa na kengele kabisa. Bell alisema tu: Bwana Watson, njoo hapa, nataka kukuona. Watson alikuwa chumba kingine. Akaja. Miaka ile ya mwanzo wenye simu walilazimika kupaza sauti ndani ya chombo au kukigonga ili wa upande wa pili ajue kuna mtu, mpaka Watson huyo huyo alipotengeneza kengele ya kuitia. Nalipenda sana jambo hili. Mlio tunaouzungumza leo ulitengenezwa na mtu wa kwanza duniani kuitwa kwa simu.

Twende kwenye zamu.

Sisi tunaoshika kipaza sauti tunajua kwamba mazungumzo ni zamu. Mwaka 2009 watafiti walichapisha kazi iliyolinganisha maswali na majibu katika lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia. Walikuta kwamba kwa wastani mtu akimaliza kuuliza, mwenzake anaanza kujibu baada ya kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Sehemu moja ya tano! Ni kupepesa jicho. Sasa fikirini mhubiri, mwalimu au hakimu anapouliza swali kisha akanyamaza sekunde mbili nzima. Kwa kipimo cha masikio ya binadamu, hiyo si nafasi ndogo. Hicho ni kiti kitupu mbele ya ukumbi, na kila mtu anakitazama. Atakayekalia kiti hicho, awe nani, atachukuliwa kuwa ndiye aliyejibu.

Ndiyo maana simu hiyo hiyo ikiita katikati ya sentensi inakera, na ikiita baada ya swali inachekesha. Mlio ni ule ule. Tofauti ni kiti.

Nimemsikia mwalimu akiuliza darasa, "Nani aliyeniletea jibu hili la ajabu?" na simu yake mwenyewe ikaita mezani. Nimemsikia kiongozi wa ibada akisema, "Siku utakapoitwa, utaitika?" na simu ikaita. Nadhani kisa hicho hata ninyi mmekishuhudia, kwa maana kila msemaji ninayekutana naye ana kisa chake cha aina hiyo.

Lakini kuna kimoja ambacho kimo katika kumbukumbu za umma, na nakipenda kwa sababu ya namna kilivyomalizwa. Aprili 2013, katika mahakama moja ya wilaya jimbo la Michigan, Marekani, kulikuwa na hakimu aliyekuwa mkali sana juu ya simu. Alikuwa amebandika tangazo: simu itakayosumbua mahakama itamletea mwenyewe adhabu ya kudharau mahakama. Siku hiyo mwendesha mashtaka alikuwa amesimama akitoa hoja zake za mwisho. Mnajua hoja za mwisho zilivyo; hapo ndipo maneno yote yanapokusanywa. Ghafla sauti ikatoka: siwezi kukuelewa, sema kitu kama "Mama."

Ilikuwa simu ya hakimu. Ilikuwa mpya, na ile sehemu yake ya kupokea amri kwa sauti ilikuwa imejiwasha mfukoni.

Wazieni mnaliona. Mtu anajitahidi kueleweka, ndiyo kazi yake yote saa ile, na chombo kinamwambia hakimwelewi. Hakuna mtunzi angeweza kuipanga vizuri zaidi. Lakini mimi nilichokipenda ni kilichofuata. Wakati wa mapumziko hakimu alijitia hatiani mwenyewe kwa kudharau mahakama yake, akajitoza faini ya dola 25, akalipa. Hakutafuta njia ya pembeni. Sheria yake akaitimiza.

Sasa kuna swali ambalo huwa naulizwa. Je, simu hizi zinajua? Kuna mkono unaozipanga? Kwa nini tunamtaja mtu na palepale anapiga, tukamwambia "utaishi miaka mingi, ndiyo tulikuwa tunakutaja"?

Jibu langu ni la hesabu, na naomba mnivumilie kidogo. Wanatakwimu wawili, Persi Diaconis na Frederick Mosteller, waliandika mwaka 1989 juu ya mambo yanayogongana kwa namna ya kushangaza. Walichosema, kwa maneno yangu, ni kwamba ukiwa na matukio mengi vya kutosha, hata jambo la ajabu kabisa litatokea mahali fulani. Mfano unaopendwa ni wa siku za kuzaliwa. Chukueni chumba chenye watu 23. Uwezekano kwamba wawili kati yao wamezaliwa tarehe moja ni...

(Hapa simu iliita, safu ya tatu kutoka nyuma. Iliita mara mbili, mwenyewe akaikata.)

Usiikate, mama yangu! Usione haya hata kidogo, umenifanyia kazi ambayo nisingeweza kuifanya peke yangu. Ndugu zangu, kuna aliyecheka? Tazamaneni. Hakuna. Simu imeita mbele ya ukumbi uliojaa, katika hotuba ambayo mada yake ni simu, na bado hakuna aliyecheka mpaka niliposema mimi. Kwa nini? Imeita katikati ya namba. Hakukuwa na kiti kitupu. Kesho mkiulizwa hotuba ilikuwaje, wangapi watakumbuka kwamba simu iliita niliposema 23? Lakini kama ingeita dakika tano zilizopita, nilipouliza kama simu zinajua, mngeisimulia mpaka kwa wajukuu.

Hapo ndipo hesabu inapofanya kazi. Simu zinaita mchana kutwa, pote, kwa mamilioni. Karibu zote zinaita mahali pasipo na maana, na tunazisahau kabla hazijanyamaza. Ile moja inayoangukia kwenye kiti kitupu tunaibeba miaka arobaini. Na yule tuliyemtaja akapiga? Tumemtaja mara ngapi asipige? Hizo hatuzihesabu. (Nimalizie: kwa watu 23 uwezekano unazidi nusu.)

Kuna wanaoniambia kwamba hesabu hizi zinaharibu utamu. Nakataa. Anayejua mvua inatoka wapi analowa sawasawa na asiyejua. Mimi nikishajua kwamba hakuna aliyeipanga simu ile ya harusini, naipenda zaidi. Imekuja bure. Haikununuliwa, haikuombwa, haiwezi kurudiwa. Nawajua washereheshaji wenzangu waliowahi kumpanga mtu apige simu katikati ya shughuli ili watu wacheke. Mimi mwenyewe nimekuwepo mara mbili jambo hilo lilipofanywa. Watu walitabasamu kwa heshima. Masikio ya watu yanajua simu iliyotumwa.

Na kufaa kwa wakati kunategemea pia nani anasikia. Tarehe 3 Aprili 1973, Martin Cooper wa kampuni ya Motorola alisimama barabarani New York na simu ya mkononi yenye uzito wa zaidi ya kilo moja, akapiga simu ambayo inahesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake hadharani. Alimpigia nani? Joel Engel, mshindani wake wa maabara za Bell, waliokuwa wakishindania jambo hilo hilo. Nadhani hakuna simu iliyowahi kuita wakati muafaka zaidi kuliko ile, kwa upande wa Cooper. Basi sikilizeni hili: Cooper amesimulia miaka na miaka kwamba Engel husema haikumbuki simu hiyo. Kwa mmoja ilikuwa saa kubwa ya maisha yake. Kwa mwenzake ilikuwa simu ya ofisini.

Sasa naomba tufike kwenye jambo lililonileta hapa. Mengine yote nimeyasema ili nifike hapa.

Wakati mmoja nilikuwa kwenye chumba cha kusubiria, ofisi moja, watu kama kumi na tano. Alikuwepo kijana aliyevaa vizuri, anazungumza kwa simu kwa sauti ya kusikika na sote. "Ndiyo mkurugenzi. Hapana mkurugenzi, huo mzigo lazima utoke leo. Waambie nimesema mimi." Watu walianza kumtazama kwa heshima. Alipofika kwenye "mkurugenzi, bila mimi hakuna kitakach..." simu yake ikaita. Pale pale, sikioni.

Kisa cha namna hii mmekisikia, najua, kinasimuliwa sehemu nyingi. Lakini je, mmewahi kuwepo? Kuwepo ni kitu kingine. Kinapokuwa hadithi tunacheka. Ukiwa ndani ya chumba, kwanza unaona uso wa mtu. Uso wa yule kijana ulishuka kama nguo iliyoanguka kwenye kamba. Hakuitoa simu sikioni, hakuipokea, aliganda hivyo huku inaita. Watu walishaanza kuvuta pumzi ya kucheka, na kicheko kile kingekuwa cha kumchoma.

Pembeni yake alikuwa amekaa bibi mmoja, mtu mzima sana. Akamgusa mkono akamwambia kwa upole kabisa, "Pokea, mwanangu. Mkurugenzi anapiga tena, huenda mtandao ulikatika."

Sekunde moja hivi hakuna aliyefanya kitu. Kisha kijana akacheka. Alicheka yeye wa kwanza! Na alipocheka ndipo tukacheka sote, na bibi naye akacheka mpaka akajifuta machozi. Yule kijana akaipokea, kumbe ni dada yake. Baadaye nikamwona amehamia kiti cha pembeni ya bibi, wanazungumza, na alikuwa anamweleza kwamba amekuja kuomba kazi na ana woga. Yule mkurugenzi alikuwa wa kujipa moyo.

Wenzangu, mmeona alichofanya yule bibi? Simu ilikuwa imeita wakati wake kabisa. Ilikuwa imesema ukweli ambao hakuna mwingine chumbani angethubutu kuusema. Lakini simu haina nia, nimeshasema. Haijui huruma. Kilichobaki, yaani kuamua kama mlio ule utakuwa kisu au utakuwa mlango, kilikuwa mikononi mwa binadamu aliyekaa karibu. Yule bibi aliipa simu maneno ya kusema.

Sisi tunaoshika kipaza sauti tuko kwenye nafasi ya bibi yule kila siku. Na hatufanyi kama yeye. Niseme kwa uchungu: tunafanya vibaya. Nilikuwepo kwenye msiba mmoja, mwenzetu mmoja wa kazi hii anaongoza, simu ya mama mmoja ikaita. Akasimamisha shughuli nzima. Akamtafuta kwa macho mpaka akampata, akamsema kwa kipaza sauti mbele ya jeneza. Yule mama alikuwa mfiwa. Waliokuwa wanapiga ni ndugu waliopotea njia, wanauliza mahali pa kupita. Tulijua baadaye. Lakini hata kama tusingejua, ilihitajika nini kumtafuta? Mlio ulishanyamaza. Aliyeendelea kuuvuruga msiba baada ya hapo alikuwa nani?

Wahenga wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni aliyetoa taarifa kwanza.

Nawapa wanamuziki wawili, kwa sababu wao hutegemea kimya kuliko sisi.

Mwaka 2011 katika sinagogi mjini Prešov, Slovakia, Lukáš Kmiť alikuwa akipiga viola, ile ya nyuzi iliyo kubwa kidogo kuliko fidla, peke yake. Simu ikaita katikati ya muziki, na mlio ulikuwa ule wa Nokia ambao dunia nzima inaujua. Akasimama. Kisha akainua upinde, akaupiga ule ule mlio kwa viola yake, akaurembesha, akauzungusha kama kwamba ulikuwa sehemu ya shughuli. Video ya tukio hilo ilizunguka dunia. Na kuna jambo ambalo wengi walioitazama hawakulijua: mlio ule wa Nokia ulitoka kwenye muziki halisi, waltzi, yaani muziki wa dansi, ya gitaa ya mwaka 1902 iliyotungwa na Mhispania Francisco Tárrega. Kwa hiyo sauti iliyozaliwa kwenye nyuzi ikaingizwa ndani ya simu, ikaita mifukoni mwa watu kwa miaka mingi, na siku ile mpiga nyuzi mmoja akairudisha nyumbani. Simu ile ilipokewa.

Miezi michache baadaye, tarehe 10 Januari 2012, okestra ya New York Philharmonic ilikuwa inamalizia Simfoni ya 9 ya mtunzi Gustav Mahler, ikiongozwa na Alan Gilbert. Mwisho wa kazi hiyo ni wa taratibu sana. Sauti inapungua, inapungua, mpaka inakuwa kama pumzi. Hapo ndipo simu ikaanza. Mlio wake ulikuwa ule uitwao marimba, neno letu wenyewe. Haukunyamaza. Gilbert akasimamisha okestra nzima, na ukumbini watu wengine wakapaza sauti za hasira. Baada ya kuzimwa, muziki ukaendelea.

Simlaumu Gilbert. Mahler hawezi kuchezwa pamoja na marimba ya simu, na wakati mwingine kweli hakuna kiti kitupu. Ninalotaka mlisikie ni la baadaye. Mwenye simu alieleza kwamba alikuwa ameipewa kazini siku moja kabla. Alikuwa ameiweka kimya. Iliyoita ilikuwa kengele ya saa, na hakujua kwamba kengele inaita hata simu ikiwa kimya. Alikuwa mpenzi wa okestra ile wa miaka mingi, na usingizi ulimpotea kwa aibu. Alimwomba Gilbert radhi, na Gilbert akaipokea. Aliombaje? Kwa simu.

Kwa hiyo mlio ukitokea mkiwa mmesimama hapa mbele, nawasihi, msiwe wa kwanza kusema. Subirini kidogo. Sikilizeni umeangukia wapi, juu ya neno gani. Ukiwa umeangukia kwenye swali, mmepewa zawadi. Ipeni simu nafasi yake, kisha mjibu kama yule mzee wa harusi alivyojibu, kwa sauti ya chini. Ukiwa umeangukia pabaya, endeleeni na kazi, wala msiyapeleke macho kule ulikotoka. Mwenyewe anajua.

Nina kisa kimoja kimebaki. Niwashukuru sasa hivi kwa kunisikiliza, maana baada yake sitakuwa na la kuongeza.

Ulikuwa msiba wa mzee mmoja niliyemfahamu. Mwanawe wa kwanza alipewa nafasi ya kusoma wasifu. Alisoma vizuri, lakini alikuwa ameandika mengi, na watu walikuwa wamechoka na jua limeanza kupanda. Mwenyewe akaliona hilo. Akainua kichwa kutoka kwenye karatasi akasema, "Baba hakupenda hotuba ndefu. Nadhani angekuwa hapa, saa hizi angeshasema kitu." Akanyamaza kidogo ili ameze mate.

Simu ikaita kwenye mkoba wa mama yake.

Mjane aliufungua mkoba. Ilikuwa simu ya marehemu. Alikuwa ameibeba ili apokee salamu za pole za watu waliokuwa na namba ile tu. Lakini hakuna aliyekuwa amepiga. Ilikuwa kengele ya saa nne, aliyoitega mzee mwenyewe miezi mingi iliyopita, ya kumkumbusha kunywa dawa zake za asubuhi. Ilikuwa na sauti kubwa, kwa sababu masikio yake yalikuwa yamepungua.

Watu walianza kucheka na kulia kwa pamoja. Sijawahi kuona mambo hayo mawili yakikaa karibu namna ile. Mjukuu mmoja akaja mbio ainyooshee mkono aizime. Mama akaishika simu kwa mikono miwili, akaiweka kifuani.

"Mwacheni amalize," akasema.

Tukamwacha. Iliita mpaka ikanyamaza yenyewe.